Barua ya wazi kwa Bodi ya Wadhamini: fundi alijua kabla yenu

Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Wadhamini, pamoja na Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Nawasalimu kwa heshima. Kabla hamjauliza: nimeandika kwa Kiswahili makusudi. Nakala ya Kiingereza ameshaipokea katibu wenu. Lakini barua ya wazi huandikiwa pia waliosimama dirishani, na safari hii waliosimama dirishani ni wanafunzi wangu wa jioni na familia zao, watu wa Kongo na Burundi waliohama kambi hadi kambi kabla ya kufika California, na ambao Kiingereza ndicho hasa walichokuja kukitafuta chuoni kwenu. Kuwaeleza kwa Kiingereza jinsi walivyofungiwa darasa la Kiingereza kungekuwa kichekesho, na vichekesho mwaka huu tumeshavipata vya kutosha.

Mimi ni mwalimu wa muda. Nafundisha Kiingereza kwa watu wazima katika tawi la chuo, jioni tatu kwa wiki, madarasa yale ambayo mwanafunzi halipi ada. Miaka tisa iliyopita nilikaa katika chumba hicho hicho nikiwa mwanafunzi, nina shahada ya ualimu niliyoibeba kutoka nyumbani na Kiingereza cha vitabuni ambacho hakuna aliyenielewa nikikisema. Kwa hiyo jambo hili lina maslahi yangu ndani yake, na nalisema mapema asije mtu akalisema kwa niaba yangu.

Turudi kwenye Jumatatu ile ya Mei, siku mliyopiga kura iliyofunga madarasa haya ya jioni. Kabrasha la mkutano lilibandikwa Ijumaa saa kumi na moja jioni, na mkutano ukaanza Jumatatu saa kumi na moja jioni. Saa 72 barabara. Sheria ya Brown, ambayo tangu 1953 ndiyo inayozibana bodi za California zifanye kazi za umma mbele ya umma, inataka ajenda ya mkutano wa kawaida iwekwe hadharani angalau saa 72 kabla. Haisemi saa hizo zisiwe za Jumamosi na Jumapili. Aliyepanga hivyo anaijua sheria vizuri kuliko mimi, nampa hongera zake.

Kabrasha lenyewe lilikuwa na kurasa zaidi ya mia mbili. Kipengele chetu kilikuwa kwenye ajenda ya ridhaa, kimebanwa katikati ya ununuzi wa viti na kustaafu kwa mfanyakazi wa maktaba. Kwa msomaji asiyevijua vikao hivi: ajenda ya ridhaa ni fungu la mambo madogo madogo yanayopigiwa kura kwa mkupuo mmoja bila mjadala, ili bodi isikeshe ikijadili viti. Ni utaratibu mzuri, sina ugomvi nao. Maneno ya kipengele chetu yalikuwa "marekebisho ya utoaji wa huduma katika tawi". Hamna neno kufunga. Hamna darasa, hamna jioni, hamna Kiingereza.

Nilikuwa safu ya tatu, napekua kurasa kwenye simu. Mwenyekiti aliuliza kama kuna mjumbe anayetaka kitu chochote kitolewe kwenye fungu. Aliyefungua kinywa ni mmoja tu, mwakilishi wa wanafunzi, binti ambaye kwa sheria ya jimbo ana kiti na kipaza sauti lakini kura yake haihesabiwi. Akauliza, "Samahani, hicho cha tawi ni nini hasa?" Akajibiwa kwamba ni jambo la kawaida, ataelezwa baadaye. Hoja ikatolewa, ikaungwa mkono, mkasema ndiyo wote. Nilipoufikia ukurasa wenyewe mlikuwa mmeshaingia kwenye taarifa ya ukarabati wa uwanja.

Wiki mbili kabla ya kura hiyo, fundi wa majengo aligonga mlango wa darasa letu. Tulikuwa katikati ya mazoezi ya vitenzi vya wakati uliopita. Aliomba radhi, akapita nyuma ya viti na utepe wa kupimia, akapima ukuta mara mbili, akaandika tarakimu kwenye kiganja cha mkono. Mama mmoja wa Uvira, kule Kongo, akaniuliza, "Mwalimu, huyu anapima nini?" Sikuwa na jibu, nikamfuata fundi hadi kwenye ukumbi wa nje. "Rafu," akaniambia kwa upole. "Zinakuja Julai. Hapa patakuwa ghala. Kwani hamjaambiwa?"

Fundi alijua. Aliyeagiza rafu alijua. Ninyi, mliochaguliwa na wapiga kura kuamua mambo kama haya, mlikuwa hamjapiga kura.

Tangu siku ile wenzangu wengi wanasema mlikutana kwa siri mkamaliza mambo pembeni. Sina ushahidi wa hilo, na sitaandika nisilo na ushahidi nalo. Sheria inawakataza wajumbe walio wengi kupitishiana jambo la bodi nje ya mkutano, kwa simu, kwa barua pepe au kwa mtu wa kati, na sina sababu ya kudhani mliivunja. Ninachoshuku kinanisumbua zaidi ya hicho. Nashuku kwamba hata ninyi hamkuamua. Nashuku mlisoma kichwa kile kile nilichosoma mimi, "marekebisho ya utoaji wa huduma", mkaamini ni marekebisho ya utoaji wa huduma. Kama ndivyo, basi katika ukumbi ule mimi na ninyi tulikuwa kundi moja, tukiwa tumefunikwa kwa blanketi moja, tofauti yetu ni kwamba ninyi mlikuwa na kura.

Ndiyo maana siandiki kulaumu tu. Swali langu ni hili, nalo ni moja: uamuzi wa kufunga madarasa ya jioni ulifanyika lini, mezani kwa nani, na kwa karatasi gani?

Nimejaribu kulijibu mwenyewe. Siku ya pili baada ya mkutano nilipeleka maombi chini ya Sheria ya Kumbukumbu za Umma, ile ya 1968, nikaomba uchambuzi wowote wa gharama na mahudhurio uliotumika. Chuo kina siku 10 za kujibu kama kina kumbukumbu hizo na kama kitazitoa. Siku ya kumi ilikuja barua fupi: tunahitaji siku 14 zaidi. Hizo nazo zinaruhusiwa. Mwishowe ikaja bahasha yenye kurasa nne. Mbili ni ramani ya tawi. Ya tatu ni orodha ya vyumba vya muhula wa vuli, na kwenye mstari wa chumba chetu pameandikwa "hifadhi", tarehe ya kuchapishwa ikiwa ni majuma matano kabla ya kura yenu. Ya nne ni jedwali lililofutwa kwa wino mweusi, pamebaki vichwa vya safu tu. Nilipomuuliza mkuu wa idara yetu, akaniambia kwamba jedwali lile lilikuwa rasimu, na rasimu haitolewi. Niliuliza toleo la mwisho liko wapi. Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa umri wake.

Yaani uamuzi ambao watu zaidi ya themanini wanaondolewa darasani kwa ajili yake haukuwahi kuwa na toleo la mwisho la hesabu.

Niseme neno kuhusu hesabu, maana baada ya kelele kuanza tuliambiwa kwamba madarasa haya "hayajilipi". Inawezekana. Lakini hebu tukae chini tupige pamoja. Jimbo hulipa chuo kwa kipimo cha mwanafunzi wa muda wote, na kipimo hicho ni saa 525 za masomo. Kwa madarasa yetu hayahesabiwi majina yaliyoandikishwa mwanzoni mwa muhula, zinahesabiwa saa ambazo mtu amekaa darasani kweli, ndiyo maana kila jioni karatasi ya mahudhurio inazungushwa. Chukua darasa la watu 20, saa tatu kila jioni, jioni tatu kwa wiki, wiki 17. Ni saa 3,060. Gawa kwa 525, unakaribia wanafunzi sita wa muda wote, kutoka kwenye darasa moja. Na tangu mwaka wa fedha wa 2015–16, kozi za aina hii zilizo kwenye mpango wa kuandaa watu kwa kazi na chuo, Kiingereza kikiwemo, hulipwa na jimbo kwa kiwango sawa na kozi za kawaida za chuo. Zamani zililipwa pungufu, na nadhani wapo maofisini ambao bado wanapiga hesabu ya zamani kichwani.

Sisemi hesabu yangu ndiyo yenye haki. Kuna mshahara wa mwalimu, ingawa wa mwalimu wa muda hautafilisi chuo. Kuna umeme, kuna mlinzi, kuna pango la jengo la tawi, na mahudhurio yetu hupungua msimu wa kazi nyingi mahotelini. Pengine ukijumlisha yote, Mkuu wa Chuo yuko sahihi na mimi nimekosea. Ningekubali. Shida ni kwamba mimi nimepewa kikokotoo na nusu ya tarakimu, na aliyenazo zote hakuziweka mezani, si kwangu, si kwa Seneti ya Walimu, chombo kinachowasemea walimu katika mambo ya taaluma, na nahofia si kwenu.

Yule mama wa Uvira, kwa muhula wake wa kwanza, alikuwa akiweka alama ya msalaba kwenye karatasi ya mahudhurio. Muhula wa pili akaandika herufi ya kwanza ya jina. Sasa huandika jina zima, polepole, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na wenzake husubiri kalamu bila kunung'unika. Sikuwahi kumwambia kwamba jina lile ni hati ya malipo pia, kwamba kwa kila jioni aliyoliandika, jimbo lililetea chuo pesa. Labda ningemwambia. Angekuja kuwauliza zimekwenda wapi.

Sasa tuje kwenye lile neno ambalo liko kwenye kila hotuba ya ufunguzi wa muhula: uongozi shirikishi. Likisemwa hivyo linasikika kama ukarimu, kama mwenye nyumba anayewauliza wageni wangependa dirisha lifunguliwe. Katika vyuo vya jamii vya California, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili kama chenu, ni sheria, nayo ina historia yake. Vyuo hivi vilikua kutoka kwenye mfumo wa shule za sekondari na kwa miaka mingi viliendeshwa kwa mtindo wa shule: amri inashuka, mwalimu anaitikia. Mwaka 1988 bunge la jimbo lilipitisha muswada namba 1725, lengo lake mojawapo likiwa kuvifanya vyuo vya elimu ya juu kwelikweli, na humo ndimo ilimoingia haki ya walimu, wafanyakazi na wanafunzi kushiriki ipasavyo katika uendeshaji. Maoni yao lazima yazingatiwe kwa kila namna inayowezekana. Katika mitaala na viwango vya taaluma, Seneti ya Walimu ndiyo yenye jukumu la msingi la kutoa mapendekezo.

Kanuni zilizofuata, kuanzia kifungu cha 53200, zinataja mambo kumi na moja ambayo bodi lazima ishauriane na Seneti. Walimu huyaita "kumi kujumlisha moja", kwa kuwa la kumi na moja ni "na mengineyo mtakayokubaliana". Humo mna ukuzaji wa programu za masomo, utaratibu wa kuzitathmini, na utaratibu wa kupanga mipango na bajeti. Bodi ina uhuru wa kuchagua kutegemea kwanza ushauri wa Seneti au kufikia makubaliano ya pande mbili. Haina uhuru wa kuruka yote mawili. Na ikiwa ilisema itategemea ushauri wa Seneti kisha ikaukataa, ni kwa hali ya kipekee na sababu nzito, na Seneti ikitaka sababu hizo kwa maandishi, itapewa.

Halafu kuna kifungu cha wanafunzi, namba 51023.7, ambacho sidhani kama kinasomwa sana. Kinaorodhesha mambo yanayohesabiwa kuwa na athari kubwa kwa wanafunzi, na mojawapo, kwa maneno yasiyohitaji wakili, ni kozi au programu zipi zianzishwe na zipi zisitishwe. Isipokuwa kwa dharura isiyotabirika, bodi haitakiwi kuamua jambo la aina hiyo mpaka iwe imewapa wanafunzi nafasi ya kushiriki kuandaa mapendekezo. Sasa mkumbukeni yule binti mwenye kiti bila kura. Swali lake lilikuwa na sheria nzima nyuma yake. Akaambiwa ataelezwa baadaye. Nilimuuliza juzi kama ameshaelezwa. Bado.

Haki ikae pande zote, kwa hiyo nitaje na ya kwetu. Kushauriana kunaweza kuwa maradhi. Nimewahi kukaa kwenye kamati iliyojadili rangi ya bango la mahafali kwa majuma matano, na mwisho rangi ikawa ile ile. Mkuu wa Chuo akisema kwamba tukimsubiri kila mtu hatutafika, najua anachokisema. Seneti yetu nayo, kwa heshima zote kwa viongozi wake, hukutana Jumanne saa nane mchana. Saa nane mchana ya Jumanne mimi niko barabarani naendesha kwenda chuo cha pili. Sheria ya jimbo inamwekea mwalimu wa muda ukomo wa asilimia 67 ya mzigo wa mwalimu wa kudumu katika wilaya moja ya vyuo, hivyo anayetaka kula huunga vipande: asubuhi hapa, jioni kule, chakula cha mchana kwenye usukani. Mikutano ya kamati hatulipwi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha hapa nimehudhuria kamati mara mbili, na mara moja nilisinzia. Uongozi shirikishi ambao unashirikiwa na wenye ofisi na mlango peke yao nao una kasoro, na kasoro hiyo hamkuileta ninyi.

Lakini tusichanganye. Kamati inayojadili bango majuma matano inapoteza muda. Fundi anayepima ukuta kabla ya kura ni jambo jingine kabisa: hapo muda wa kushauriana ulikuwepo, majuma matano kwa ushahidi wa karatasi yenu wenyewe, ila haukutumiwa.

Kuna watu wataniambia hili ni dogo, chumba kimoja, rafu chache. Jimbo hili lina mifano mikubwa ya nini hutokea imani ikiisha, na naitaja bila nia ya kutisha mtu. Compton, mwaka 2004, jimbo liliingilia kati uendeshaji wa chuo cha jamii cha huko. Mwaka 2006 chuo kikapoteza ithibati, yaani kutambuliwa rasmi kwamba kinafikia viwango, kikaendeshwa kama kituo cha chuo cha El Camino, na ithibati yake kikairudisha mwaka 2017. Miaka kumi na moja. San Francisco, mwaka 2012 chuo cha jiji kilipewa onyo la mwisho na tume ya ithibati, mwaka 2013 tume ikapiga kura kukiondolea ithibati, na madaraka ya wadhamini waliochaguliwa yakakabidhiwa mdhamini maalumu mmoja. Jiji likaenda mahakamani, chuo kikanusurika, na mwaka 2017 kikathibitishwa tena kwa miaka saba, lakini wanafunzi walikuwa wameshaondoka kwa maelfu. Watu wa San Francisco hadi leo wanabishana nani alikosea, chuo au tume, na mimi siwaamulii. Kinachonigusa ni kiti cha yule mdhamini mmoja. Wananchi walipiga kura kuchagua bodi, kisha mtu ambaye hawakumchagua akawa ndiye bodi. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba tume ya ithibati ikija, miongoni mwa inayoyakagua ni jinsi maamuzi yanavyofanyika. Itataka kuona kumbukumbu. Sijui mtaionyesha karatasi ipi kwa kipengele hiki: ramani, au orodha ya vyumba.

Ninayoyaomba hayahitaji pesa nyingi. Kwanza kabisa, kipengele chochote kinachofunga darasa, programu au saa za tawi kisipite tena kwenye ajenda ya ridhaa, na kiandikwe kwa jina lake. Kufunga kuitwe kufunga. Kisomwe mkutano mmoja, kipigiwe kura mkutano unaofuata, ili kati yake Seneti, wafanyakazi na wanafunzi waseme neno. Kiambatanishwe na ukurasa mmoja wa hesabu usiofutwa wino: mahudhurio, kilicholetwa na jimbo, kilichotumika, na njia nyingine zilizofikiriwa zikaachwa. Ukurasa mmoja tu. Tukishindwa kuusoma, lawama ni yetu.

Pili, kabrasha litoke mapema zaidi. Saa 72 ni kiwango cha chini cha sheria, hakuna anayewakataza kutoa siku saba. Na walimu wa muda walipwe saa za kamati, hata kama ni wawili watatu kwa muhula. Hilo nalisema kwa haraka kwa kuwa nina maslahi nalo, kama nilivyotangulia kuungama.

Tatu ni lugha, na hapa nitakaa kidogo. Kadi yenu ya maombi ya kuzungumza mkutanoni inasema kila mtu ana dakika tatu. Haisemi kwamba sheria, kwa marekebisho yaliyopitishwa mwaka 2016, inampa anayetumia mkalimani angalau mara mbili ya muda huo, pasipokuwa na vifaa vya tafsiri ya papo kwa papo. Dakika sita. Hakuna mwanafunzi wangu hata mmoja aliyekuwa analijua hilo, na kusema kweli hata mimi nililijua mwezi huu, nikiwa natafuta kitu kingine. Nilipowaeleza darasani, mzee mmoja ambaye huwa hasemi aliinua mkono akauliza, "Kwa hiyo wanaruhusiwa kutusikia?" Nikamwambia wanalazimika. Akacheka, wenzake wakacheka, na mimi nikaandika neno hilo ubaoni kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoajiriwa.

Tena, kwa kipengele hiki cha Mei hatujachelewa, mimi wala ninyi. Sheria ya Brown inampa mtu siku 30 kudai kwa maandishi uamuzi urekebishwe, pale kilichoamuliwa hadharani hakikuelezwa vya kutosha katika ajenda. Bodi nayo ina siku 30 za kurekebisha. Dai hilo nimeliwasilisha leo asubuhi kwa katibu, kurasa mbili, kavu, bila mama wa Uvira ndani yake. Mtasema hamkukosea, kwamba "marekebisho ya utoaji wa huduma" ni maelezo ya kutosha. Mawakili wenu watakuwa na la kusema na mimi sina wakili. Ila mna njia fupi kuliko mawakili: kirudisheni mezani mwezi Juni, kwa jina lake, na karatasi yake, kisha mkipigie kura mkijua mnachopigia kura. Mkikifunga tena baada ya hapo, nitasikitika, lakini nitajua nani kafunga na kwa nini, na wanafunzi wangu watajua nani wa kumuuliza siku ya uchaguzi ikifika kwa wale walio na kura.

Rafu bado hazijafika. Nimemuuliza fundi.

Kadi ya kuzungumza kwa mkutano wa Juni nimeshaijaza. Wamejaza na wanafunzi kumi na wanne, nimewasaidia kuandika anwani tu, mengine wameandika wenyewe. Penye lugha tumeandika Kiswahili. Naomba katibu anijulishe kabla ya Ijumaa kama chuo kitaleta mkalimani au tuje na wetu, ili tupange usafiri.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa muda, darasa la jioni, chumba ambacho kwenye orodha yenu kinaitwa hifadhi